Harufu ya Mkwe

Jumapili, tarehe 7 Oktoba 2068. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeufunika mlima wa Ndivani hadi kwenye migomba, lakini kule chini tambarare ilikuwa kavu, nyeupe, na upepo wa baridi ulioshuka kutoka juu haukuleta hata tone moja. Vuli ilikuwa imechelewa tena.

Namsifu Mrutu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda tangu alfajiri, na sala ilikuwa imemgomea. Alianza "Baba yetu," akaenda vizuri mpaka "utusamehe," hapo ulimi ukakwama. Jana, siku ya Sabato, alikuwa ameimba kwaya mpaka sauti ikakauka, na akina mama walimpongeza. Lakini Mungu hadanganywi na sauti nzuri.

Alifumbua macho. Ukutani, mkabala na kitanda, ramani ilikuwa inawaka kijani hafifu kama ilivyowaka kila asubuhi kwa miaka saba. Mlima juu, hifadhi ya wanyama chini, na katikati kile ambacho utotoni mwake kilikuwa nyika ya miiba na swala, na sasa kilikuwa mashamba ya jua: vioo, vioo, vioo, mpaka jicho lichoke, pamoja na mji wa watu waliokuja kuvifuta vumbi. Baina ya mlima na mji ulipita mstari mwekundu wa nguzo. Chini kidogo ya mstari huo, mahali palipoandikwa Korongoni, nukta moja ya manjano ilikuwa inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi.

Nukta hiyo ilikuwa chui. Dume kijana, amevalishwa hereni ya kutoa ishara sikioni kama ng'ombe wa mnadani. Alikuwa ametoka hifadhini, akapenya chini ya vioo kwa siku kadhaa, akafika kwenye korongo ambalo babu zake walilitumia kupanda mlimani kabla mtu hajawaza kupima viwanja hapo.

Ramani iliita. Ilikuwa sauti ya Senkondo, mfuatiliaji wa wanyama wa upande wa hifadhi, mtu ambaye Namsifu hakuwa amekutana naye uso kwa uso zaidi ya mara mbili, ila walitaniana kama shemeji.

"Sabato njema, Mama Nanzia."

"Sabato ilikwisha jana jua lilipozama."

"Najua. Nilitaka kujua kama umeamka au umesinzia kwenye magoti." Kisha utani ukamtoka sautini. Akamwuliza kama anamwona kijana. Namsifu akasema anamwona. Senkondo akaeleza kwamba mnyama yule hajala vizuri, na kwamba amefika kwenye nguzo mara nyingi, akanusa, akageuka. Safari moja zaidi ya kugeuka ingemrudisha kando ya uzio wa vioo, na uzio ungemwongoza moja kwa moja hadi kwenye handaki la reli, ambamo mnyama akishaingia hana pa kutokea treni ikija. Wenzake watatu walikuwa wamefia humo mwaka uliopita.

"Harufu mliyoweka wiki iliyopita imekwisha nguvu," Senkondo alisema. "Leo jioni itakuwa imekufa kabisa. Mkikaa kimya tu, atapanda. Juu kuna jike."

"Na tukijaza?"

"Mama Nanzia, usiniulize jambo unalolijua."

Ni kweli, alilijua.

*

Chui haoni mpaka, anausoma. Dume akipita mahali hukojoa kwenye shina, hukwaruza udongo, huacha harufu yake kama mtu anayebandika tangazo. Mwenzake akija husoma: huyu alipita hapa juzi, kule kwenye jiwe alipita jana, basi leo yuko mbali, ninaweza kupita nyuma yake. Kwa hesabu hiyo chui huishi jirani na chui bila kuuana.

Mradi wa mashamba ya jua ulipotaka mji usioingiliwa na wanyama, Namsifu, mtaalamu wake wa wanyama, ndiye aliyeleta wazo. Dume mkubwa wa mlima alikuwa amegongwa na treni wakati reli inafunguliwa. Yeye alichukua tezi zake kabla hazijaoza, maabara ikajifunza kuipika ile harufu, na zikatengenezwa nguzo fupi za udongo wa kuchoma zenye sifongo ndani, ambazo zikinyweshwa maji yenye harufu hiyo hutoa jasho la chui siku saba. Watu wa Ndivani waliiita harufu hiyo Mkwe. Walisema zamani mtu akimwona mkwe wake anakuja, huacha njia na kujificha vichakani mpaka apite, na chui nao wafundishwe adabu hiyo.

Mwaka wa kwanza Namsifu alijaza nguzo kwa miguu yake, chache leo, chache kesho, akizunguka kama dume hai anavyozunguka, ili harufu iwe mpya huku na kuukuu kule. Ndivyo alivyoandika mwenyewe katika maelekezo: tembea kama chui. Lakini magoti yalimuuma, na mlima haukuwa na huruma. Hapo watu wa Ndivani wakamwambia, Mama, mbona unateseka na sisi tupo? Kazi yetu hatuifanyi kwa kudonoa. Tutaifanya kwa msaragambo.

Ndivyo walivyochimba bwawa lao la kumwagilia, ndivyo walivyojenga kanisa: baragumu linapigwa, kila kaya inatoa mtu, kazi inafanywa kwa pamoja na kwisha siku hiyohiyo. Asiyefika hutungiwa wimbo. Kila kaya ikapewa nguzo yake, na kila Jumapili saa tatu, mlio mmoja wa baragumu, nguzo zote za mlimani zikajazwa kabla chai haijapoa. Mradi ulitoa cheti. Wageni walikuja kupiga picha. Namsifu alisimama mbele ya kamera akiwa na kitenge kipya, na sauti ndogo ndani yake ilisema hakuna chui duniani awezaye kukojoa mlima mzima kwa saa moja. Akaiambia sauti hiyo inyamaze, nayo, kwa adabu, ikanyamaza.

Senkondo ndiye aliyeiamsha sauti hiyo mwaka jana, baada ya dume wa tatu kufia handakini. Alisema, "Hao hawakusoma habari za dume pale. Walisoma habari za jeshi." Namsifu akaizima ramani. Aliogopa kwamba akiuliza swali moja, atapewa jibu.

Na kulikuwa na jike. Watoto wa shule walimpa jina Nakunda. Ndiye pekee aliyebaki mlimani, na kila msimu wake ulipofika aliziendea nguzo, akajisugua kwenye udongo, akaguna, akalala hapo akimsubiri mwenye harufu. Kamera zilimwonyesha akisubiri mpaka ukungu ulipopanda. Miaka sita, hajapata mtoto hata mmoja. Namsifu alikuwa mwalimu wa Shule ya Sabato, na siku alipofundisha amri ya tisa, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, mzee mmoja aliuliza jirani ni nani. Darasa lilijibu vizuri sana. Yeye alikuwa anaiwaza ile picha ya jike aliyelaza kidevu juu ya nguzo.

*

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika kando ya bwawa alipofika, kila mmoja na chupa yake ya plastiki yenye maji ya kahawia. Harufu ilikuwa kali kama mkojo uliochacha. Fundi mmoja wa vioo aliyepanda kutoka mjini alisema leo Mkwe ananuka kama soksi za mchungaji, na mke wa mchungaji akamjibu kwamba soksi hizo alizifua yeye, kwa hiyo aombe radhi au akazijaribu. Watu wakacheka. Namsifu naye akacheka.

Mzee Kajiru Mbwambo, mpiga baragumu, alikuwa analipangusa pembe lake kwa shati. Alikuwa mtu mfupi mwenye majivuno makubwa, na hakuna aliyemlaumu, kwa maana katika uongozi wake kazi haikuwahi kulala. Namsifu alimvuta pembeni akamwomba awaache watu warudi nyumbani, wiki hii tu. Kajiru akauliza kuna nini. Namsifu akasema ni jambo la kitaalamu.

"Binti Mrutu," mzee alisema, "ulitufundisha wewe mwenyewe kwamba nguzo ikikauka, chui ataingia mjini. Nikiwaambia watu hawa warudi, wataniuliza sababu. Nipe sababu."

Sababu ilikuwa mdomoni. Namsifu aliwatazama watu waliokuja na jembe begani, tayari kwenda shambani kazi ikiisha, na vijana waliopanda mlima tangu giza. Waliipenda kazi hii. Walimpenda yeye. Akasema, "Basi, sina."

"Baragumu la Ndivani halijaahirishwa kwa njaa wala kwa mafua makuu," Kajiru alisema, akilipandisha pembe mdomoni. "Haliwezi kuahirishwa kwa sababu ya paka."

Kabla hajapuliza, Namsifu aliguswa bega. Alikuwa Nanzia, binti yake, amembeba mtoto wake Eliamani mgongoni na chupa mkononi. Nanzia na mumewe walikaa nyumba ya kwanza ya Korongoni, mtaa wa nyumba tisa uliojengwa kwenye mdomo wa korongo. Mumewe alikuwa kazini Tanga. Nyumba zile zilijengwa hapo kwa sababu Namsifu alikuwa ametia sahihi kwamba chui hawatapita tena, na Nanzia alihamia hapo kwa sababu aliyetia sahihi alikuwa mama yake.

"Mama, usiku mbwa wa jirani walilia mpaka asubuhi," Nanzia alisema. "Kuna mnyama karibu?"

"Hapana, mwanangu. Yuko mbali."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayesema karibu chai. Mara moja akajisikia amejaza nguzo nyingine, na hii ameijaza ndani ya moyo wa mtoto wake. Baragumu likalia. Mlio ukapita juu ya bwawa, ukaingia ukunguni, na watu wakatawanyika wakiimba.

*

Nanzia alishuka mbele, Namsifu nyuma, kwa njia ya mawe inayoelekea kwenye nguzo tisa za Korongoni. Eliamani, akiwa mgongoni, alikuwa anamtazama bibi yake bila kupepesa macho, kama watoto wa umri huo wanavyotazama watu wazima wenye makosa.

Walipofika kwenye nguzo ya kwanza, ukungu uliwaachia. Chini yao zilionekana paa tisa za bati jekundu, kamba za nguo, jiko la nje la Nanzia, na nyuma yake bahari ya vioo iking'aa bila wimbi. Nanzia alifungua chupa, akainama, akasita.

Vumbi lililozunguka nguzo lilikuwa limekanyagwa. Nyayo za mviringo, pana, zisizo na alama za kucha, zilipanda kutoka korongoni hadi umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye nguzo, kisha zikageuka. Zilipanda tena, zikageuka. Zilipanda mara nyingi hata pamefanyika kijia, kama kijia cha mfungwa ndani ya chumba, na pale pa kugeukia udongo ulikuwa umechimbika. Nyayo nyingine zilikuwa na ukingo mkali, upepo haujaugusa bado.

"Ulisema yuko mbali," Nanzia alisema.

Kutoka kwenye vichaka vya korongo, si mbali hata kidogo, ukasikika mkoromo mkavu, wa kwenda na kurudi, kama msumeno unaokata gogo. Uliita mara moja, ukanyamaza. Hakukuwa na hasira ndani yake. Ulikuwa mlio wa anayebisha hodi na kujua kwamba hatajibiwa.

Nanzia alimshusha mtoto mgongoni akamkumbatia kifuani, na mkono wa pili ukaielekeza chupa kwenye mdomo wa nguzo.

"Usimimine," Namsifu alisema.

"Mama, mjukuu wako analala mle chini."

"Najua analala wapi."

"Hujui. Ungejua usingesema usimimine."

Namsifu aliketi juu ya jiwe. Hapo, mbele ya nguzo aliyoibuni mwenyewe, alimweleza binti yake yote kwa mpangilio mbaya: madume watatu wa handakini, jike anayesubiri maiti, maelekezo aliyoyaandika na kuyaacha kwa sababu ya magoti na sifa. Akasema nguzo zikijazwa leo, yule kijana atageuka na kufa, na baada yake hatakuja mwingine, na Nakunda atazeeka peke yake, na mlima utakuwa umekwisha chui bila mtu kurusha hata jiwe. Nguzo zisipojazwa, atapita usiku, na njia yake inapita kati ya jiko la Nanzia na kamba ya nguo. Akasema amezitafuta njia nyingine kwenye ramani mpaka macho yamevimba. Hakuna. Kila mahali pengine ni vioo.

Nanzia alisikiliza bila kumkatiza. Mwishowe aliziba chupa.

"Leo nitamchukua mwanangu nilale kanisani, chui apite," alisema. "Na kesho? Njia ikifunguka, si atapita na mwingine?"

"Watapita."

"Basi usiniambie mimi peke yangu ili nikuonee huruma kwa kuwa ni mama yangu. Nyumba ziko tisa. Nenda kawaambie wote."

*

Ndivani baragumu halipigwi mara mbili kwa siku moja isipokuwa kuna kifo. Kajiru alimkumbusha jambo hilo, akiwa ameketi juu ya ukuta wa bwawa na chai yake. Namsifu akasema analijua. Akasema kifo kipo. Mzee aliweka kikombe chini, akapuliza.

Watu walirudi wakikimbia, wengine na chupa tupu, wengine na chupa nusu. Waliwatazama wazee mmoja mmoja kuona ni nani hayupo. Watu wa Korongoni walifika wa mwisho kwa kuwa njia yao ndiyo yenye mlima mkali, na Namsifu alipoona chupa zao bado zimejaa, maana Nanzia alikuwa amewazuia njiani, alimshukuru Mungu kwa sauti ambayo haikutoka.

Aliwaambia. Hakuanza na sayansi. Alianza na jike. Kisha akasema kosa la kujaza nguzo zote kwa mlio mmoja si lao, kwa maana wao walifanya kazi kama walivyofundishwa na baba zao, kwa moyo mmoja. Ni lake yeye aliyejua kwamba chui hatembei kwa msaragambo na akakaa kimya kwa kuwa ilimfaa.

Chupa ziliwekwa chini moja moja. Kisha yule fundi wa vioo, ambaye nyumba yake ilikuwa ya tatu kule Korongoni, alisema kwa upole kwamba yeye ana mapacha. Mke wa mchungaji akauliza kama maana yake ni kwamba miaka yote wamekuwa wakiua huku wakiimba tenzi. Mwingine akasema bora chui wafe kuliko mtoto mmoja kukwaruzwa, na wengi wakaitikia, na Namsifu hakuwaona wabaya. Alisema yeye mwenyewe angelisema hilohilo kama si kuziona zile nyayo. Aliwaeleza kwamba nguzo nyingine zitabaki, naye atazijaza kwa miguu kama zamani, bila kuharakisha, ila korongo lazima liachwe wazi. Usiku huo watu wa Korongoni walale kanisani. Mradi una wajibu wa kuzihamisha nyumba tisa, naye atakwenda kuufuta ule uthibitisho alioutia sahihi. Lakini mradi hauna haraka, nao walijua.

Mzee Kajiru alisimama. Hakuwa na majivuno tena, alionekana mzee tu.

"Binti Mrutu, maneno yako nimeyasikia, na yananiuma kwa sababu pembe ni langu," alisema. "Lakini wewe unakaa huku juu, penye ukuta na mbwa. Kati ya leo na siku mradi utakapokumbuka, nani atakaa kwenye mdomo wa njia ya chui?"

Namsifu alimtafuta binti yake katikati ya watu. Nanzia hakumtabasamia. Alikuwa amesimama na Eliamani begani, anasubiri kama wengine. Namsifu akavua viatu, kama mtu anayeingia mahali pa kuomba, akasimama juu ya ukuta wa bwawa ili hata walio nyuma wamwone. Safari hii ulimi haukukwama.

"Mbele za Mungu anayenisikia," alisema, "na mbele yenu ninyi mliobeba chupa hizi kwa sababu niliwaambia: nguzo tisa za Korongoni hazitajazwa tena kwa mkono wangu wala kwa agizo langu. Leo, kabla jua halijazama, Nanzia na mtoto watahamia kwangu huku juu, na yeyote wa nyumba nyingine asiye na pa kwenda, mlango wangu ni wake. Mimi nitahamia chini, nyumba ya kwanza. Nitalala humo peke yangu mpaka nyumba ya mwisho ya Korongoni ihamishwe. Na kama siku moja chui atakosea njia, mlango wa kwanza atakaoukuta utakuwa wangu."